Fleti Kuukuu ya Japani: Ununuapo Vyumba, Wanunua na Majirani

Hapa Pwani sisi si wageni wa vitu vikuukuu vya Japani. Magari yaliyokwisha kutumika huko huteremshwa kila leo katika bandari ya Mombasa, na hata bibi asiyejua kushika usukani anajua la kuuliza: limeundwa mwaka gani? Limekwenda kilomita ngapi? Limepata kugongwa? Serikali nayo imemwekea mnunuzi kinga yake, kwani gari lililopita miaka minane haliruhusiwi kuingia nchini.

Kuna kitu kingine kikuukuu cha Japani ambacho hakipandi meli, nacho hakina serikali ya kukuzuia usikinunue kimezeeka. Nacho ni fleti.

Tuseme simu yalia baada ya sala ya isha. Ni kijana wa nyumba, anayefanya kazi huko katika biashara ya magari. "Asalaamu alaykum, mama. Nimeona fleti hapa Osaka, yeni milioni 5 tu. Ina mpangaji tayari, na dalali asema faida ni asilimia 12 kwa mwaka. Tukichanga twaipata." Mama atazama bangili zake, akumbuka fungu la mirathi la dadake lililoko benki tangu kiwanja cha marehemu baba yao kiuzwe, kisha auliza: "Mwanangu, nyumba ya shilingi milioni 4 katika mji mkubwa kama huo? Ina nini?"

Swali hili la mama ni la mwenye hekima. Makala haya yajaribu kulijibu, ili familia itakayofikia pahala hapo iamue ikiwa imefumbua macho.

Kinachouzwa ni nini?

Wajapani huiita fleti ya namna hii "manshoni". Asili ya neno ni Kiingereza, lakini kwao halimaanishi jumba la kifahari, bali nyumba iliyomo ndani ya jengo la ghorofa lililojengwa kwa zege na nondo. Mwenye manshoni humiliki mambo mawili kwa pamoja: vyumba vyake mwenyewe, na sehemu yake katika mali ya shirika, yaani paa, ngazi, lifti, mabomba makuu na kuta za nje, pamoja na haki ya ardhi iliyo chini ya jengo.

Sheria ya Japani humruhusu mgeni kununua nyumba na ardhi na kuimiliki moja kwa moja, hata akiwa haishi huko. Hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010 humpa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Lakini ijulikane mapema kwamba kununua nyumba Japani hakumpi mtu viza wala haki ya kukaa huko.

Tena si kila fleti huja na ardhi. Sisi tuliozaliwa Mombasa twaijua "nyumba bila ardhi", ambapo kuta na paa ni vyako, na mwenye kiwanja humlipa kodi yake. Japani nako kuna manshoni za aina hiyo. Bei yake huwa ya chini, na sababu ni kwamba mnunuzi ataendelea kulipa kodi ya kiwanja, na mkataba wa kiwanja una mwisho wake. Basi fleti ikiwa rahisi kuliko jirani zake, hili ni miongoni mwa mambo ya mwanzo ya kuulizwa.

Mwaka ulio mzito kuliko bei

Japani ni nchi ya zilzala. Baada ya tetemeko la Miyagi la mwaka 1978, serikali iliimarisha kanuni za ujenzi, na kanuni mpya zikaanza kutumika tarehe 1 Juni 1981. Tangu hapo majengo yote ya nchi hiyo hugawanywa mafungu mawili: ya kanuni ya zamani na ya kanuni mpya.

Tofauti yake ilionekana wazi alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, mji wa Kobe ulipotikiswa na watu zaidi ya 6,000 wakafa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba majengo yaliyoanguka au kuharibika vibaya yalikuwa aghalabu ya kanuni ya zamani. Katika mji huohuo umo Msikiti wa Kobe, uliofunguliwa mwaka 1935. Ulisalimika katika mabomu ya vita ya mwaka 1945, ukasalimika tena katika tetemeko la 1995, na hadi leo adhana yaadhiniwa humo. Umri peke yake, basi, hauangushi jengo. Huangusha msingi mbaya na matengenezo yaliyoachwa.

Mnunuzi asidanganyike na mwaka wa kumalizika ujenzi. Kinachohesabiwa ni tarehe ambayo ramani iliidhinishwa. Jengo lililokamilika mwaka 1982 laweza kuwa liliidhinishwa mwaka 1980, nalo likawa la kanuni ya zamani. Jengo la namna hiyo likiwa limepimwa na kuongezwa nguvu, pana hati za kuthibitisha. Zikikosekana, mnunuzi achukulie kwamba halikupimwa.

Mfuko usioonekana

Sasa twafika kwenye kiini cha mambo. Mtu akienda kutazama fleti hutazama rangi, jiko, bafu na mandhari ya dirishani. Kumbe kitu kikubwa anachokinunua hakionekani kwa macho. Kimeandikwa katika daftari la chama cha wenye fleti.

Kila mwenye fleti ni mwanachama wa chama hicho kwa nguvu ya sheria, apende asipende. Kila mwezi hulipa ada mbili. Ya kwanza ni ya usimamizi: usafi, taa za ngazini, lifti na mtunza jengo. Ya pili ni ya mfuko wa ukarabati, unaowekwa akiba kwa ajili ya kazi kubwa zinazofanywa aghalabu kila baada ya miaka 12 hadi 15: kuziba nyufa, kupaka kuta za nje, kuzuia maji ya paani, kubadilisha mabomba.

Tatizo la majengo mengi lilianza siku yalipouzwa yakiwa mapya. Wajenzi waliiweka ada ya ukarabati chini ili fleti zipate wanunuzi upesi, kwa matarajio kwamba itapandishwa baadaye. Lakini ada haipandi mpaka wanachama wakubaliane, na wanachama nao wamezeeka pamoja na jengo. Wajapani husema kuna uzee wa aina mbili ndani ya jengo moja: wa kuta na wa wakaazi. Ajuza anayeishi kwa pensheni hawezi kuchanga ada maradufu. Aliyerithi fleti na kuhamia mbali hajibu barua. Hivyo mfuko hubaki mtupu na bomba huendelea kuoza. Mwishoni mwa mwaka 2023 Japani ilikuwa na fleti za aina hii zipatazo milioni 7, na zaidi ya milioni 1.3 kati yake zilikuwa zimepita miaka 40.

Atakayenunua leo hurithi hali hiyo yote. Zaidi ya hayo, iwapo muuzaji alikuwa hakulipa ada zake, chama chaweza kumdai mnunuzi mpya deni hilo la nyuma. Ndiyo sheria.

Mifano miwili yatosha. Wa kwanza ni mji wa Yuzawa, mkoani Niigata, wenye theluji nyingi na chemchemi za maji ya moto. Treni ya mwendo wa kasi ilipofika huko mwaka 1982, yalijengwa maghorofa mengi ya mapumziko, na watu wa Tokyo wakanunua fleti humo kwa mamilioni ya yeni. Bei za ardhi zikaporomoka kuanzia mwaka 1991. Fleti za huko zimekuwa zikitangazwa kwa yeni 100,000, pesa zisizotosha hapa kununulia pikipiki mpya. Hazina wanunuzi kwa kuwa ada hazikuporomoka pamoja na bei. Mwenye fleti awe amelala humo au hajaikanyaga mwaka mzima, ada ya lifti, ya hamamu na ya ukarabati yamngoja.

Wa pili ni wa mji wa Yasu, mkoani Shiga. Palikuwa na jengo dogo la fleti tisa, lililojengwa mwaka 1972. Wenyewe walitawanyika, wasiweze kukubaliana kulitengeneza wala kulibomoa, mpaka kuta zikaanguka na likawa hatari kwa wapita njia. Mwaka 2020 halmashauri ya mji ililibomoa kwa gharama ya zaidi ya yeni milioni 100, kisha ikawapelekea bili wenye fleti. Igawanye kwa tisa uone fungu la kila mmoja. Mali ilikwisha, deni likabaki.

Ugumu huo ulitokana na sheria yenyewe, kwani kulijenga upya jengo kulihitaji ridhaa ya wanachama wanne katika kila watano. Sheria ilirekebishwa mwaka 2025, ikashusha kiwango hicho hadi robo tatu kwa majengo yenye kasoro kama udhaifu mbele ya zilzala. Njia imepanuka kidogo, ila fedha bado hutoka mifukoni mwa wenye fleti.

Asilimia 12 ya dalali

Turudi kwa kijana wetu wa Osaka na tufanye hesabu kwa mfano. Fleti ni yeni milioni 5, na kodi ni yeni 50,000 kwa mwezi, yaani 600,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo asilimia 12 ya dalali, na kwa hesabu yake hakusema uwongo. Ametaja tu kinachoingia, akanyamazia kinachotoka.

Tuseme ada zote mbili za chama ni yeni 22,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni 264,000. Wakala wa kukusanya kodi achukue asilimia 5: ni 30,000. Ushuru wa mali wa kila mwaka tuuweke 45,000 na bima 10,000. Mpangaji hakai milele, basi tukadirie mwezi mmoja mtupu kwa mwaka: 50,000. Jumla ya kinachotoka ni 399,000. Kinachobaki ni 201,000.

Na mtaji si milioni 5. Ujira wa dalali una ukomo wa kisheria, lakini kwa nyumba ya bei kama hii waweza kufikia yeni 330,000. Ukiongeza usajili na ushuru wa ununuzi, tuchukulie gharama zote ni 500,000. Basi 201,000 kwa mtaji wa milioni 5.5 haifiki hata asilimia 4, na hapo hatujabadilisha mtambo wa kupashia maji moto wala hatujalipa ushuru wa mapato.

Sasa chama kikutane na kupandisha ada ya ukarabati kwa yeni 10,000 tu kwa mwezi. Kinachobaki ni 81,000, nayo ni asilimia moja na nusu. Kura moja ya mkutano ambao kijana hakuufahamu, kwa lugha ambayo mamake haisomi, imekula zaidi ya nusu ya faida.

Bado kuna thamani ya yeni yenyewe. Mwaka 2011 dola moja ya Marekani ilinunua yeni chini ya 80. Katikati ya mwaka 2024 ilinunua zaidi ya 160. Atakayeingia leo huona nyumba rahisi kwa sababu yeni ni dhaifu, na ikizidi kudhoofika, kodi itakayofika nyumbani itapungua thamani.

Mpangaji, na mkono wa serikali

Mpangaji aliyemo ndani ni neema, na pia ni mkataba. Sheria ya Japani humlinda sana mpangaji: katika mikataba ya kawaida mwenye nyumba hawezi kukataa kuiongeza muda bila sababu nzito. Anayepanga kuitumia fleti mwenyewe, au kumwekea mwanawe anayekwenda kusoma, asinunue yenye mpangaji akidhani atamwondoa kwa notisi ya miezi miwili. Na anayewaza kuwapangisha watalii kwa usiku mmojammoja ajue kwamba sheria ya mwaka 2018 imeweka ukomo wa siku 180 kwa mwaka, na vyama vingi vya wenye fleti vimepiga marufuku jambo hilo katika kanuni zao.

Asiyekaa Japani hutakiwa kuwa na mwakilishi wa ushuru aliye huko. Anaponunua nyumba kwa ajili ya uwekezaji, hutakiwa pia kutoa taarifa kwa Waziri wa Fedha, kupitia Benki ya Japani, ndani ya siku 20. Akiuza kabla ya kutimia miaka mitano ya umiliki kwa hesabu yao, ushuru wa faida huwa karibu maradufu ya ule wa aliyekaa nayo zaidi. Biashara hii, basi, si ya mwenye haraka.

Halali yake

Kupangisha nyumba ni biashara ya halali, na kununua kwa fedha taslimu huepusha riba. Kwa hakika benki za Japani ni nzito kumkopesha asiyekaa nchini humo, hivyo wengi hununua taslimu wapende wasipende. Lakini kuna mlango wa nyuma ambao wengi hawauoni. Chama chenye mfuko mtupu huweza kuchukua mkopo wa riba kwa ajili ya ukarabati, na wanachama wote huulipa kupitia ada. Chama chenye akiba nzuri nacho huweza kuiweka katika hati za dhamana zenye riba. Muislamu anayejiunga na shirika hilo aulize mapema, kisha ayapeleke majibu kwa mwanachuoni anayemwamini, kabla ya kutia saini.

Na kuna suala la gharar. Dini yetu haikupendelea biashara ya kitu kisichojulikana, nayo humtaka muuzaji aeleze aibu ya bidhaa yake. Katika hili sheria ya Japani yamsaidia mnunuzi: kabla ya mkataba, mtaalamu mwenye leseni hulazimika kumsomea hati ya mambo muhimu ya nyumba. Hati hiyo ni ya Kijapani. Anayeisaini bila kuifahamu amejitia mwenyewe katika ujinga ambao sheria ilitaka kumtoa.

Jina la nani?

Tumalizie na jambo linalovunja nyumba nyingi kuliko zilzala. Ikiwa mama atatoa bangili zake, na khaleti atatoa fungu lake la mirathi, je, majina yao yatakuwamo katika hati? Au litaandikwa jina la kijana peke yake kwa kuwa ndiye aliye karibu? Mali ya mwanamke ni yake kwa sheria ya dini, na mapenzi ya mzazi si hati. Sajili ya Japani yakubali wamiliki zaidi ya mmoja, kila mmoja na sehemu yake. Basi sehemu ziandikwe, na hapa nyumbani pawe na maandishi yenye mashahidi.

Fauka ya hayo, tangu tarehe 1 Aprili 2024 warithi wa nyumba iliyoko Japani hulazimika kusajili urithi wao ndani ya miaka mitatu tangu wajue kwamba wamerithi, la sivyo hutozwa faini. Fleti isiyo na faida, yenye ada ya kila mwezi na warithi saba walioko Lamu, Mombasa na Muscat, si wasia mwema wa kuwaachia watoto.

Kabla ya kutuma hata shilingi

Familia iombe majibu haya kwa maandishi, yatafsiriwe na mtu asiye na ujira katika mauzo:

1. Ramani ya jengo iliidhinishwa tarehe gani? Kama ni kabla ya Juni 1981, liko wapi cheti cha uimara?
2. Mfuko wa ukarabati una yeni ngapi leo, na chama kina mkopo?
3. Ni fleti ngapi hazilipi ada, na muuzaji wetu ni mmoja wao?
4. Ukarabati mkubwa wa mwisho ulifanywa lini, na ujao umepangiwa ada gani?
5. Kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita zasemaje?
6. Jengo limepata cheti cha usimamizi bora, kinachotolewa na halmashauri tangu mwaka 2022?

Kuna majengo ya miaka 40 yenye chama imara, mfuko uliojaa na mabomba mapya. Aliyenunua humo kwa bei ya haki aweza kupata riziki ndogo ya halali, mwezi baada ya mwezi. Lakini hakuijua fleti yake kwa kutazama picha za jiko. Aliijua kwa kusoma daftari.

Kwa hiyo kijana atakapopiga simu tena, mama asimkatishe tamaa wala asikimbilie kwa sonara. Amrudishie swali lake lilelile: "Ina nini?" Na akijibiwa kwamba ina vyumba viwili na roshani inayotazama mto, amwambie kwa upole: "Hilo nimelisikia, mwanangu. Niambie na mfuko wao una nini."